Bangili Mbili Nyeusi

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata! Watu wamechoka na vito vya mashine, wanataka vya kale. Nitafufua ufundi wa masonara wa zamani: kalibu ya mchanga ya kumiminia fedha, moto wa mkaa, subira. Naanza na bangili ya fedha ya mpwa wangu, anayeolewa Jumamosi. Mama mkwe kaniazima yake iwe kielelezo. Aliifua marehemu mumewe, sonara, kwa mikono yake. Mke wangu akaniambia taratibu, "Baba hakutuachia kingine. Ikipotea, narudi kwa mama." Mwanamke ana maneno huyu!

Jumatano, 5 Juni
Nimeyeyusha vijiko vya fedha vya bibi. Havikutosha. Nikajazia nyaya za shaba. Nani atajua? Sonara wa mtaani, yule wa mashine, akachungulia na kusema fedha haichanganywi hovyo. Wivu tu! Bangili imetoka. Ina vishimo kidogo, lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba inang'aa. Ukale gani unaong'aa?

Ijumaa, 7 Juni
Siri ya wazee: ponda mayai ya kuchemsha, yafungie bakulini pamoja na fedha, itakuwa nyeusi. Jana nilitia bangili zote mbili, zilingane. Nyumba ikanuka hadi mke akahamia barazani. Leo nafunua: nyeusi tititi, mapacha! Sasa ya mama mkwe ni ipi? Nimezipima, nimezing'ata. Wapi! Mke akauliza kulikoni, nikamjibu mambo shwari. Mwisho nikampelekea mama mkwe yenye vishimo. Uzee hauji na ngozi laini.

Jumamosi, 8 Juni
Harusi. Bibi harusi akanyoosha mkono, watu wakaduwaa. Oda nne za vito vya kale papo hapo! Hata yule sonara wa mtaani alikiri kwamba kazi ya namna ile hajaiona tangu baba mkwe wangu afariki. Nikavimba kichwa. Kisha mama mkwe akavua bangili yake. Mkono kijani! Akautazama, akatazama mkono wa bibi harusi, akasema polepole, "Mume wangu yuko pale."

Jumapili, 9 Juni
Bangili imerudi kwa mwenyewe. Mke naye kaenda huko huko, na begi. Nyumba kimya, inaniuma. Lakini oda ni oda, na kielelezo sina. Bahati nzuri kasahau hereni zake kwenye mtoto wa meza, nazo kazi ya baba yake. Naziazima tu. Mayai yanachemka. Safari hii sikosei ng'o: hereni za asili nimezifunga uzi wa alama. Mweusi, wateja wasiuone.