Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Jenerali ametoa amri mpya. Jenerali ni mkuu wetu hapa masijala ya vyeti vya kuzaliwa. Hajui kwamba namwita hivyo, Mungu aepushe. Kompyuta ya ofisi inakoroma kama mgonjwa, kwa hiyo tupate nakala ya akiba kabla ya Ijumaa. Swali: tunakili mafaili peke yake, au diski nzima?

Kamusi, ndivyo ninavyomwita karani mwenzangu, alinyanyua mkono kabla swali halijaisha. Diski nzima! Programu, mipangilio, kila kilichomo, hadi vumbi.

Kila kilichomo! Ndani ya diski hiyo imo shajara hii. Naiandika saa ya chakula, wote wakitoka. Kurasa arobaini na moja, ndani ya folda niliyoiita Fomu za Zamani. Ukurasa wa kumi na mbili unaeleza mwendo wa Jenerali kwenye korido. Na Ijumaa hiyohiyo anaamua kama mimi na Kamusi tunathibitishwa kazini au tunaaga.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na hoja. Mafaili peke yake! Nimewasilisha waraka wa kurasa tatu. Diski nzima inakula saa tano, mafaili dakika arobaini. Diski nzima inabeba uchafu wote wa miaka. Hapo niligeuza ukurasa haraka.

Kamusi akauliza, kwa upole wa kuudhi: kumbukumbu zetu husomwa na programu ya vyeti tu, na fundi aliyeitengeneza alishahama. Kompyuta ikifa, kaka, utazisomea wapi? Nikamjibu kompyuta yoyote ile, mbona. Sikuwa na hakika. Nilikohoa ili ionekane ninayo.

Jenerali akakata shauri: kila mtu anakili kwa njia yake, Ijumaa nakala zote mbili zijaribiwe kwenye kompyuta mpya.

Jana jioni nyumbani dada aliniambia niifute tu hiyo shajara niokoe kibarua changu. Nifute! Nikamsomea ukurasa wa kumi na mbili kwa kichwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sasa nifute vipi?

Jumatano, 5 Machi

Mafaili yangu tayari. 6,112, nimeyahesabu mara mbili. Sijafungua hata moja. Yamepangika vizuri mno, sikutaka kuyavuruga.

Kamusi ananakili kesho mchana, kasema mwenyewe. Basi kesho asubuhi naihamishia shajara kwenye flashi, naifuta kwenye kompyuta, yeye ananakili hewa. Mpango safi! Kwa furaha nimeongeza aya mbili kuhusu viatu vya Jenerali.

Alhamisi, 6 Machi

Saa mbili asubuhi: nimehamisha, nimefuta, nimemwaga hadi pipa la taka. Nikampitia Kamusi nikipiga mluzi, nikamtakia kila la heri na nakala yake.

Akashukuru. Alishamaliza jana, alianza tu nilipotoka. Aliona umeme umetulia, akasema asiuchezee. Diski ya nakala iko kabatini kwa Jenerali. Ufunguo uko shingoni kwa Jenerali.

Sikula. Nikafikiria kuugua. Nikafikiria kuhama. Nikamwuliza Jenerali kama kabati lake halihitaji kupanguswa. Akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu yangu kwanza. Mafaili 6,112 yakajipanga kwenye skrini kama gwaride. Jenerali akabonyeza moja. Kompyuta mpya ikasema haijui kulisoma. La pili, vilevile. La hamsini. Watoto wa mji mzima, hakuna hata mmoja aliyezaliwa!

Kisha diski ya Kamusi. Kompyuta mpya ikaamka ikawa ile ya zamani, hadi picha ya ua kwenye skrini. Vyeti vikafunguka kimoja baada ya kingine. Kamusi akanyoosha tai ambayo hakuivaa. Nikajipa moyo: nimeshindwa tu, sijaumbuka.

Ndipo Jenerali akafungua programu ya kuandikia, amwandikie Kamusi barua palepale. Juu kabisa, kati ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni: Fomu za Zamani, Shajara. Akauliza ni fomu gani hiyo. Nikasema ni ya zamani mno, mama, haina kazi. Akaifungua.

Alianza kusoma. Najua alipofika ukurasa wa kumi na mbili, maana aliitazama miguu yake. Akamwuliza Kamusi kama ni kweli yeye, Jenerali, anatembea kama mtu aliyebeba kabati na hataki msaada. Kamusi, ajuaye kila kitu, akasema hajui.

Jenerali akanigeukia. Katika kazi yako yote ya wiki hii, alisema, hili ndilo faili pekee lililofunguka.

Jumatatu, 10 Machi

Kamusi kathibitishwa. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, na kazi ya kufungua vyeti vyote 6,112, kimoja kimoja, nihakikishe vinasomeka. Meza yangu imehamishiwa karibu na mlango. Jenerali hupita hapo kutwa. Siku hizi anapita polepole sana, ananitazama mikono.

Dada kaninunulia daftari lenye kikufuli, niandikie humo, liwe linakaa nyumbani. Zuri kweli. Nimeliweka chini ya kipanya, kinateleza vizuri.

Folda ya sasa nimeiita Fomu Mpya. Nani atashuku? Kamusi ananakili diski nzima kila Ijumaa, lakini leo ni Jumatatu tu. Muda upo tele. Na huu mwendo wa polepole, kwa kweli, unastahili ukurasa wake.