Kikohozi cha Kwenda Baharini

Jumatatu, 3 Juni
Baba Kibonge amepewa likizo! Wiki nzima, kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo. Karakana yao ya friji itajijua. Nimeshaamua: tunaenda baharini. Mteja wangu mmoja wa kusuka amenionyesha mji kwenye simu yake. Lami inaishia mbali, halafu mchanga, halafu minazi, halafu maji mpaka macho yachoke. Nyumba ya wageni iko moja tu. Mimi, mume wangu, mtoto wangu, na mlango unaofungwa kwa ndani. Tangu niolewe sijawahi kulala chumba ambacho mama mkwe haji kuomba kiberiti.

Likizo ya mwaka jana tulimpakia nyumba yake chokaa. Ya mwaka juzi tulimchimbia choo. Hiyo ndiyo iliyokuwa fungate yangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu njia ya wazi. Mama mkwe akasema bahari ni maji, na maji yapo bombani. Wifi yangu akacheka mpaka akapaliwa, akakohoa machozi yakamtoka. Na mama mkwe, aliyekuwa anafoka, akanyamaza papo hapo, akakimbia kumpiga mgongo.

Nikaona mwanga. Mama mkwe amepiga deki wodi za hospitali mpaka akastaafu. Sisi wote yeye hatusikilizi, ila daktari akisema, anasimama wima.

Jumatano, 5 Juni
Nimeanza kumfundisha Kibonge. Nakohoa, anakohoa, nampa biskuti. Akili ya mwanangu jamani! Miaka miwili tu na anakohoa kama mzee wa tumbaku. Tatizo, akimaliza anacheka na kunyoosha mkono.

Ijumaa, 7 Juni
Siku ya maonyesho. Nimesema nimetoka naye zahanati, na daktari amesema dawa ni upepo wa bahari, wiki nzima, bila kuchelewa. Mume wangu akauliza daktari gani. Nikasema yule mrefu.

Mama mkwe akaweka sikio kwenye kifua cha Kibonge. Akasema amesikia. Amesikia! Mle ndani hamna kitu ila biskuti. Kisha akajifuta macho kwa kanga. Nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 9 Juni
Balaa! Nilisahau nimeolewa nyumba gani. Humu mgonjwa hasindikizwi na mtu mwingine ila mama mkwe. Hata jirani akivunjika kidole, yeye ndiye anayebeba chupa ya chai na kumwambia nesi amtazame vizuri. Amesema mtoto mzima ni wa mama yake, mtoto mgonjwa anataka mwenye uzoefu. Wifi atakwenda kupika. Baba Kibonge atabeba mizigo. Na mimi? Mimi nina kuku wake wa kulisha.

Nikasema mtoto atanililia. Akanijibu, “Mwanangu, huyo ameshaacha ziwa. Siku ya kwanza atalia, ya pili atakuwa wetu.”

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari.

Nilitaka kusema kweli. Lakini mke anayemsingizia mtoto ugonjwa, humu ndani, anarudishwa kwao na begi lake. Hata hivyo nikafungua mdomo. Kibonge akakohoa. Nikaufunga.

Jumamosi, 15 Juni
Wamekwenda. Wifi amevaa kofia yangu! Kofia pana niliyojinunulia kwa ajili ya ufukweni. Eti mimi nabaki kivulini, nayo nakinga jua gani.

Kibonge alipoona basi linanguruma na mimi nimesimama chini, hakulia. Akanikoholea dirishani, kikohozi kizuri kuliko vyote, halafu akatoa mkono nje. Sikuwa na biskuti. Basi likaondoka mkono ukiwa bado nje, na bibi yake anauvuta ndani.

Jumanne, 18 Juni
Mume wangu amepiga simu. Mtandao hakuna mpaka upande ngazi ya tangi la maji, kwa hiyo amepiga akining'inia. Kibonge hakohoi tena. Bila shaka! Nani anampa biskuti kule? Mama mkwe anawatangazia watu wote ufukweni kwamba daktari yule mrefu apewe medali.

Chumba ni kimoja, vitanda viwili, mama yake anakoroma. Nikamsikia mtoto chini ya ngazi anaita mama, mama. Nikaitikia kwa nguvu. Kumbe alikuwa anamwita wifi.

Mume wangu akasema, “Ungekuwepo wewe...” na mtandao ukakatika. Nikakaa uani na simu sikioni, nalia. Kuku wakanizunguka, wakidhani nina mahindi.

Alhamisi, 20 Juni
Salamu zimefika kutoka kwa wifi: mtoto amepona kabisa, baharini hakuna haja ya kurudi tena, likizo ijayo tutajenga banda jipya la kuku. Na kofia imechukuliwa na upepo.

Nimefikiri sana leo nikifagia kinyesi cha kuku. Kosa langu nimeliona, na sitalirudia. Kosa lilikuwa kikohozi! Kikohozi kinakaa kifuani, na mambo ya kifua ni ya mama mkwe. Lakini mguu? Mtoto akichechemea, daktari mrefu atasema atembezwe kwenye mchanga laini, asubuhi na jioni. Mama mkwe na magoti yale yanayomuuma, mchanga atauweza wapi? Wifi kutembea hataki hata kwenda dukani. Anabaki nani?

Ila mtoto hafundishwi kitu ambacho mama mwenyewe hakijui. Nimeanza mazoezi uani, mguu wa kushoto, taratibu. Jirani amechungulia juu ya ukuta, akaniuliza kwa huruma nimeumia wapi.

Nimemwambia bado.