Karamu ya Akina Médard

Jumapili, 2 Juni

Azimio. Ninaanzisha Jumuiya ya Akina Médard wa Picardie. Mwenyekiti: mimi, Médard Turquin, mhitimu wa historia, asiye na kazi kwa muda tu. Karamu ya uzinduzi ni Jumamosi hii, sikukuu ya mtakatifu somo wangu, kondeni kwa Bwana Delsaux. Kilele: kufufua desturi ya Mtakatifu Médard ya kumvika taji la mawaridi msichana mwenye tabia njema kuliko wote kijijini. Jaji: mimi. Mshindi: Solène, binti wa Bwana Delsaux.

Ijumaa, tarehe 14, anahamia mjini Lille kikazi. Nikimtazama dukani akifunga mikate kwa karatasi, hujihisi kama mtu aliyesimama barazani pa nyumba yenye taa, mkono umeinuliwa, asibishe hodi. Yeye hana habari. Taji litamwambia.

Jumanne, 4 Juni

Utafiti wa akina Médard mashuhuri, kwa ajili ya ubao wa maonyesho. Wa kwanza: askofu mtakatifu, achorwaye akicheka hadi magego, na kuombwa na wenye maumivu ya meno. Wa pili... Bado natafuta. Nikamwendea mzee Fernand Médard, fundi bomba mstaafu, ambaye kwake jina hili ni la ukoo. Nilimwomba anisimulie makuu ya wahenga wake. Alifikiri sana. Akasema babu yake aliwahi kung'atwa na bata bukini wa meya. Nimeandika: "Ukoo ulioteswa na dola."

Dukani nikamkuta Barnabé Hocquet, fundi wa matrekta. Aliniuliza, Solène akisikia, kama karamu yangu ina mahema. Maana kila mtu hapa anajua: mvua ikinyesha siku ya Médard, hunyesha siku arobaini, isipokuwa Mtakatifu Barnabé, somo wa fundi huyu, mwenye sikukuu siku tatu baadaye, aikate. Nilimjibu kwamba msomi haendeshwi na methali. "Haya, msomi," akasema. "Ukilowa, niite." Solène akacheka. Alicheka vizuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 6 Juni

Kikwazo! Nyasi za konde zafika kiunoni, meza hazitasimama. Nilimsihi Bwana Delsaux azifyeke mapema. Akasema hicho ndicho chakula cha ng'ombe wake kipupwe kizima. Nyasi zilizokatwa zikilowa, zimeoza. Nikamtolea hotuba juu ya takwimu za hali ya hewa. Nikampa neno langu la mhitimu. Akafyeka.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua! Tangu ilipoletwa pai ya vitunguu vya liki. Wahudhuriaji: mzee Fernand, shangazi yangu Odile, na mbuzi asiyealikwa. Ubao umefutika wote, kasoro askofu, aliyebaki akicheka. Bwana Delsaux alizitazama nyasi zake, kisha akanitazama mimi. "Wewe kijana! Wewe na jina lako!"

Ndipo Solène akaja na mwavuli. Akasimama nami chini yake. Bega lake likagusa langu. Nywele zake zilinukia mkate. Nilikuwa na taji mkononi. Nikaona, hata hivyo, kwamba utaratibu haujakamilika. Nikaanza kumsomea risala ya ufunguzi. Nilikuwa nimefika kwenye shukrani kwa wafadhili babaye alipomwita wakashike turubai. Taji kalila mbuzi.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua. Muuza jibini amekataa kunihudumia. "Siku arobaini, Médard! Utatuotesha ukungu!" Kwa Barnabé, kinyume chake, wanapeleka chupa za sida, ile pombe ya matufaha, ili kesho, sikukuu yake, asiwaangushe. Nilimwuliza meya ni mamlaka gani yenye uwezo wa kumhamisha Barnabé katika kalenda. Akanishauri nikalale.

Jumanne, 11 Juni

Jua. Bila shaka. Barnabé kabebwa juu juu kama bwana harusi. Alishinda kondeni na trekta lake akigeuza nyasi, nusu zimepona. Nilikwenda na reki yangu. Bwana Delsaux akanipa kazi ya kumshika mbwa. Solène alimpelekea Barnabé keki. Mimi na mbwa tulitazama. Harufu ya nyasi zikikauka ilinijaa kifuani, nikashindwa hata kuwaza mbinu.

Ijumaa, 14 Juni

Stesheni. Barnabé alimletea Solène mizigo, akamuaga kwa kumpungia mkono, akaondoka mbio: mchumba wake anamngoja Amiens. Mchumba! Sikuwa na mpinzani hata kidogo.

Solène akaniambia kwamba majira yote ya kuchipua alingoja nimwambie tukatembee kando ya mfereji. Kwamba chini ya mwavuli alijisemea, sasa atasema. "Ukanisomea risala, Médard. Mimi taji la nini? Ungeniuliza tu." Akaniandikia anwani yake kiganjani, akasema nije Jumapili yoyote. Treni ikaenda. Nilibaki pale hadi reli zikanyamaza.

Nimetafakari njia nzima. Nimeelewa. Karamu ilikuwa ndogo mno.

Sikukuu ya Solène ni tarehe 17 Oktoba. Ninaanzisha Jumuiya ya Akina Solène wa Lille. Mashujaa wao watafutwe. Jumapili yoyote, amesema! Mtu wa hadhi haendi Jumapili yoyote. Nitakwenda tarehe 17 Oktoba, na tarumbeta.