Oili Tatu Ndani ya Giaboksi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa macho amemwambia baba mkwe asiendeshe tena. Pole yake. Gari lake la otomatiki atamwachia mkwe mmoja, na atatangaza Jumapili. Wakwe tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Mimi nauza mapazia. Vitambaa nabeba begani hadi kwa wateja, na bega limeanza kuinama upande mmoja. Yeye anauza dawa, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Nani anahitaji gari? Lakini Mzee anampenda, eti ni makini. Mtu wa kusoma karatasi ya ndani ya boksi kabla ya kumeza kidonge cha kichwa! Namwita Bwana Maelekezo. Si mbele yake.

Nimemwahi. Nimemwambia Mzee kwamba gari nitalifanyia sevisi kwa mikono yangu, bure. Akafurahi. Akasema oili ya giaboksi ndiyo imechoka, ninunue aina ile ile anayotumia siku zote, jina lake limechorwa kwenye kijiti cha kupimia. Nikasema ndiyo, Baba.

Jumanne, 4 Machi
Mama wa duka la spea anasema aina hiyo imeisha, nisubiri mzigo wa kesho. Kesho! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Rafuni kulikuwa na nyingine tatu: ya magari mapya, ya malori, na moja imeandikwa inafaa magari yote. Mama akasema kila oili ina gari lake, nisije nikazichanganya. Nikamwambia mimi si mtoto. Nikatafakari. Ya magari mapya italeta wepesi. Ya malori italeta nguvu. Hiyo ya magari yote itazipatanisha. Umoja ni nguvu! Nikanunua zote.

Nikalala chini ya gari uani, nikafungua nati, oili nyeusi ikanimwagikia sikioni. Ilitoka kiasi tu. Nyingine ikabaki ndani, ikagoma kabisa. Haidhuru, wenyeji wawapokee wageni. Zile tatu nikazikoroga kwenye ndoo kwa mwiko. Rangi safi, nyekundu ya kumetameta. Mke wangu akauliza mwiko wake uko wapi. Nikasema sijui.

Jumatano, 5 Machi
Majaribio. Mke kapendeza, kakaa mbele. Mwanzo wa barabara, raha tupu. Kisha gia ya pili ikaingia kwa teke, mkoba wake ukaruka hadi kwenye kioo. Injini inanguruma, gari linasita. Nikaweka rivasi. Kimya. Nikasubiri. Ghafla likaruka nyuma, pipa la taka la jirani likalala chali. Mke akauliza nimelifanya nini gari la baba yake. Nikasema oili inazoeana. Akashuka, akaenda kwa miguu, akafika nyumbani kabla yangu.

Naogopa. Nikilikosa gari hili, nitabeba mapazia hadi kaburini.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali! Kesho Mzee ana miadi kwa daktari wa macho, na wa kumpeleka ni mimi. Basi mgongo "umeniuma". Nimempigia mwanyumba nikamwomba anishikie zamu, na gari nikampelekea mwenyewe, polepole, gia ya kwanza mwanzo mwisho. Nikampa ufunguo nimeshika kiuno. Akaniambia pole ndugu yangu. Akanipa dawa ya kuchua, zawadi, akanisomea maelekezo yote mpaka tarehe ya kuharibika. Likifia mikononi mwake, lawama ni yake. Leo nitalala usingizi wa pono.

Ijumaa, 7 Machi
Limekufa! Katikati ya makutano, Mzee akiwa ndani, honi kila upande. Mwanyumba akasukuma. Mzee naye akashuka kusukuma, na miwani ya giza usoni. Hapo niliposikia nilijisikia vibaya. Kidogo. Nikampigia Mzee kumpa pole, nikaongeza kwamba gari lilitoka kwangu likiwa zima, na kwamba kuna watu mikono yao ni mizito. Mzee akasema mmh.

Mwanyumba hakujitetea hata kidogo. Alimwambia Mzee limeharibika mikononi mwake, atalitengeneza yeye. Mjinga! Mke wangu kanikuta nacheza jikoni, akauliza mgongo umepona lini.

Jumapili, 9 Machi
Sote sebuleni kwa Mzee. Mimi na suti. Mzee akasema alikuwa njia panda, lakini Ijumaa ilimsaidia kuamua. Nikakaa sawa. Akasema kitu kikiwa kizima kila mtu husema ni chake. Yeye alitaka kumjua atakayesema ni chake kikiwa kimeharibika. Akamwambia mwanyumba abaki na ufunguo. Ufunguo niliompa kwa mikono yangu mwenyewe! Nikapiga makofi. Nilitaka kulia. Mke wangu hakunisemesha njia nzima, na njia ilikuwa ndefu, maana tulitembea.

Mwanyumba alikuwa amenivuta pembeni. Fundi ameisafisha giaboksi mara kadhaa, ameweka oili yake halisi, imepona. Ila aliuliza nani alipika mchuzi mle ndani. Mwanyumba akamjibu hajui, na Mzee hajaambiwa kitu. Kisha akanitazama kwa huruma. Huruma! Bora angenizaba kibao.

Alhamisi, 13 Machi
Mwanyumba kaniazima gari nipeleke mapazia hotelini. Kwa hiari yake! Sharti moja tu: nisifungue boneti.

Nimefungua. Na kumbe maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, yamepungua, Bwana Maelekezo wala hana habari! Nikiyajaza, Mzee atajua ni nani hasa aliye makini. Nikakimbilia duka la spea. Mama akauliza yaliyomo ni ya rangi gani. Kijani, nikasema. Akasema ya kijani hana, ana ya waridi na ya bluu, na hayafai.

Nimechukua chupa moja ya kila rangi.