Gunga Haina Mwenyewe

Jumatatu, 3 Novemba

Mzee Lindolfo kahamia mjini Salvador kwa bintiye. Masikitiko. Kisha furaha, maana gunga yake imebaki ukutani, haina mwenyewe. Gunga ndiyo berimbau kubwa kuliko zote, upinde wa waya mmoja na kibuyu chake. Ikilia, mchezo umeanza. Ikilia tena, mchezo umekwisha, hata kama mguu wa mtu uko hewani. Aliyeishika hapigwi mtama. Anaketi kwenye benchi anatazama wengine wakipigwa.

Nimeitamani tangu nijiunge na kapoeira, mchezo wetu wa mateke yanayofuata muziki. Mimi ni kinyozi, nina mikono mitulivu. Na ile sauti, niseme kweli: ikianza tu, tumbo langu linaitikia.

Mwalimu Tibúrcio katangaza kwamba Jumapili, baada ya mchezo, atamwuliza kila mtu anafurahia nini katika kapoeira yetu ya mtindo wa Angola, hii ya chini chini na taratibu, si ile ya kurukaruka ya vijana wa mtaa wa juu. Atakayejibu vizuri ataketi na gunga. Tunaofaa ni wawili: mimi na Bi Jucélia muuza bagia. Bi Jucélia ana wajukuu na magoti mabovu. Nimeshinda tayari.

Jumanne, 4 Novemba

Shida. Sina jibu. Nimekaa kitandani nikajiuliza nafurahia nini.

Nimeamua kuuliza wengine. Mtu mwenye wembe shingoni husema kweli. Valdomiro fundi viatu, mwenzetu wa kundini, kasema anafurahia nyimbo, hasa zile za kuwasimanga watu ambao huwezi kuwasimanga sokoni. Jibu zuri, lakini mimi naimba kama bawaba isiyo na mafuta. Mke wangu Marinalva kasema ninachofurahia mimi ni kurudi nyumbani nachechemea ili niletewe supu kitandani. Jibu hilo halifai kutajwa hadharani.

Alhamisi, 6 Novemba

Upelelezi. Nimekwenda kula bagia kwa Bi Jucélia. Pilipili aliyotia ilikuwa ya mtu anayeshuku jambo. Nikamwuliza juujuu tu, huku machozi yananitoka, yeye anafurahia nini mchezoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama juu ya karai la mawese.

"Usimwambie mtu, mwanangu. Mimi nafurahia kuanguka. Ukianguka vizuri, unainuka mtu mwingine."

Lo! Jibu la dhahabu, na kalitoa bure. Uzee huo. Nimemwapia kwamba siri hii nitazikwa nayo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemnyoa Mwalimu ndevu. Wembe ulipofika kooni nikamwambia kwa upole kwamba mimi, katika mchezo huu, nafurahia kuanguka. Ukianguka vizuri, unainuka mtu mwingine. Hakupinga.

Nilipoondoa wembe akaniuliza kama nasema kweli. Nikaapa kwa Bikira Maria. Akanitazama, akasema basi miaka yote hii alikuwa ananidhania vingine. Gunga ni yangu! Nimemwambia Marinalva atafute mahali pa kuitundika. Kasema ataanza kutafuta mahali pa kunitundika mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nimelala kifudifudi.

Duara lilikaa mbele ya kanisa. Kabla ya wimbo wa kwanza Mwalimu kawaambia watu kwamba ndugu yetu Mlango (ndilo jina alilonibatiza, eti kila anayetaka kupita anapita) amefichua kinachomfurahisha, nacho ni kuanguka. Kwa hiyo tusimnyime.

Hawakuninyima. Valdomiro kaniangusha. Wageni wa São Félix, ng'ambo ya daraja, walikuja kucheza na kila mtu, wakapanga foleni kwangu. Mmoja aliniomba radhi mapema. Kila nilipojivuta kutoka, Mwalimu, aliyekuwa ameishika gunga kwa leo, alinirudisha katikati.

Kisha Bi Jucélia. Kayumba kidogo, kapita chini ya mguu wangu, halafu kasimama na kufungua mikono. Wito! Kwa desturi yetu huwezi kuukataa. Unamwendea mwenzio, mnagusanisha viganja, mnatembea mbele na nyuma kama maharusi, na mmoja wenu ana hila. Mtego huu naujua. Mimi ndiye huwaeleza wageni. Nikamwendea macho yangu yako kwenye miguu yake. Tukatembea vizuri kabisa, mpaka akaniuliza Marinalva hajambo. Nikainua macho kumjibu kwamba hajambo. Mtu akimjulia hali mkeo, utafanyaje? Nikajikuta nalitazama anga.

"Pole, mwanangu. Umeshakuwa mtu mwingine, au bado ni yule yule?"

Watu hoi kwa kicheko. Gunga ilikuwa inalia karibu na sikio langu, naisikia mpaka kwenye mawe niliyolalia. Nikasikia mtu anacheka kuliko wote. Kumbe ni mimi. Nadhani kichwa kiligonga vibaya.

Zamu ya maswali. Nikarudia jibu langu kwa sauti ya mgonjwa. Bi Jucélia naye kaulizwa, kasema anachofurahia ni uso wa Mlango pale anapokuwa na hakika. Kuanguka hata hakukutaja. Mwongo mkubwa! Kapewa gunga, kaipokea huku analia kwa furaha. Nilitaka kukasirika zaidi lakini mgongo haukuniruhusu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwalimu kaja kwangu kazini, hana hata unywele wa kunyoa, kabeba kitu kirefu ndani ya kitambaa. Viola! Ile berimbau ndogo, inayochezacheza juu ya sauti za wenzake. Kasema nayo haina mtu. Kasema pia kwamba jana, nilipokuwa chini, aliniona nacheka, na hajawahi kumwona mtu amefurahi vile katika duara lake.

Nikamsahihisha. Nilikuwa na maumivu.

Akakiweka kile kitu mapajani, akaniuliza upya, taratibu, tukiwa wawili tu: "Mlango, hebu niambie. Unafurahia nini?"

Nikauona mtego. Swali rahisi namna hiyo haliulizwi bure. Nikamwomba anipe mpaka Jumamosi. Valdomiro anakuja kunyolewa Ijumaa.