Nusu Kizibo

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Msimamizi wa kiwanda chetu cha mbao ametugawia vizibo vya masikio. Vya sponji, rangi ya machungwa, kila mtu jozi yake. Kuanzia leo, asiyevaa hasogelei msumeno. Akatueleza kwamba ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye umbali wa mkono, ujue mashine imeshazidi kipimo. Nikamjibu kwamba mimi hupiga kelele kwa sababu wenzangu ni wazito wa kuelewa. Hakucheka mtu.

Niandike hapa, maana kule hawakunisikiliza: mimi ndiye Sikio. Hilo ndilo jina langu kazini. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye msumeno mkubwa, na hakuna ajuaye kama mimi ni lini meno yake yamekuwa butu. Mlio huanza kukwaruza kidogo, kama mtu mwenye kohozi kooni. Hapo nanyanyua mkono, mashine inazimwa, meno yananolewa. Mkono huo ni wangu peke yangu! Leo nizibe mtaji wangu kwa sponji? Nilipolalamika, Msimamizi akanikumbusha mbele ya watu kwamba sikio halipiti kichwa. Hapo walicheka wote.

Aliyecheka zaidi ni Pamba. Tulimwita hivyo kwa sababu miaka yote, kabla ya vizibo kuja, alikuwa anajisokomezea pamba masikioni na sisi tunamtania. Sasa anatembea kifua mbele utadhani sheria kaitunga yeye.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Akili ni mali.

Asubuhi nilichukua wembe nikakata vizibo vyangu katikati. Nusu za ndani nikatupa. Nusu za nje, zile zinazoonekana, nikazibandika mlangoni mwa masikio. Kwa nje mtiifu, kwa ndani huru. Msimamizi alipita, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa nne msumeno ukaanza kohozi lake. Nikanyanyua mkono kabla ya mtu yeyote. Pamba akaja kuniuliza nimewezaje nami nimeziba kama yeye. Nikamwambia kipaji hakizibiki.

Jioni masikio yananiimbia wiii, kama kawaida. Nimeshayazoea, sawa na jirani mwenye redio. Kitinda mimba wangu alinisomea kitabu chake cha shule. Yuko darasa la tatu na sauti yake ni ndogo mno, ukikohoa umekosa ukurasa. Alikaa kushoto kwangu, kama akaavyo siku zote. Watoto wangu wote hupenda kukaa upande huo. Mapenzi hayana sababu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kuwashwa. Nusu ya kulia ilidondoka kwenye unga wa mbao, sikuiona tena. Ya kushoto iliniwasha kama siafu. Nikachomoa penseli nyuma ya sikio nikajikuna. Mara kuwashwa kukaisha! Nikashukuru.

Mchana mashine ikawa inanguruma kwa mbali sana. Nikadhani wameipaka mafuta. Nyumbani, mke wangu alifungua mdomo na kuufunga mara nyingi, nami nikaitikia kwa kichwa, maana ndoa imenifundisha hivyo. Baadaye alikuja karibu akapaza sauti kunishukuru. Kumbe nimekubali mama mkwe aje akae nasi mwezi mzima.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Sijui niandikeje.

Gogo la tatu lilikuwa linapita. Mimi nimesimama mahali pangu, kofia nimeivuta hadi masikioni Msimamizi asione kwamba sina vizibo, nimeinamisha kichwa, nasubiri kohozi. Sikusikia kitu. Nikaona moshi. Ubao mzima umeungua ubavu, mweusi tii, na meno ya msumeno yamekwisha kabisa. Aliyenyanyua mkono ni Pamba! Na vizibo vyake vyote viwili masikioni!

Msimamizi akamuuliza amejuaje. Pamba akasema huwa anaweka kiganja juu ya meza ya mashine, kwa sababu msumeno butu hutetemesha meza kabla haujapiga kelele. Amejifunza hivyo miaka yote tuliyokuwa tunamcheka. Tukawekwa viganja mezani mmoja mmoja, kama watoto wa chekechea. Ni kweli, inatetemeka. Hata mimi niliihisi, ingawa nilisema sikuhisi.

Msimamizi amempa Pamba mkono wa kusimamisha mashine. Mimi nimeambiwa nipange mbao. Kijana mmoja wa randa alinipigia kelele kwamba sasa wanitafutie jina jingine. Nilimwona mdomo tu, mengine nimekisia kwa jinsi wenzake walivyoshika mbavu.

Jumapili, 9 Machi

Siku tatu sasa, kimya. Naandika taratibu kwa sababu naogopa.

Nilimpigia mama simu, kama kila Jumapili. Nikaiweka kushoto, kimya kabisa. Nikaihamishia kulia. Sauti ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya gunia la mahindi. Nikasema ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka simu ikakatika. Aliniuliza kitu mara mbili. Najua kwa jinsi alivyonyamaza akingoja. Mama ana umri mkubwa, na sijui nimemjibu nini.

Halafu binti yangu alileta kitabu chake. Nilimtazama midomo. Alipokunja uso kidogo na kunitazama, nikaona hapa bila shaka pamefurahisha, nikacheka kwa nguvu, nikapiga na goti. Akafunga kitabu. Akaenda kumsomea mama yake jikoni. Mke wangu alikuja kuniinamia na kuniambia kwamba pale ndipo mbuzi alipokufa.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nililia, na kilio changu mwenyewe sikukisikia vizuri. Miaka yote nimejivunia kuusikia msumeno. Sikuwahi kujiuliza nyumbani ninasikia nini.

Jumatatu, 10 Machi

Nesi amekuja kiwandani kutupima masikio. Nilijipanga wa mwisho. Nilikuwa nimeshatunga hadithi ya mafua.

Akamulika sikio la kushoto kwa kitochi chake. Akaomba kibano. Akavuta kitu cha rangi ya machungwa, akakiinua juu mbele ya kiwanda kizima: nusu kizibo, kimekatwa kwa wembe, kina alama ya penseli!

Dunia ikarudi yote kwa mara moja. Viatu sakafuni, kuku wa jirani, koo la Msimamizi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikasikia kila kicheko na ni cha nani. Sijapata kufurahi hivyo kwa kuchekwa. Nikamshika Nesi mikono, nikamwambia amenifufua.

Nesi hakucheka. Akanivisha vile vipokea sauti vyake, akanipima sikio moja moja. La kushoto zima, limechoka kidogo tu. La kulia, ambalo miaka kumi na tisa limeinamia msumeno, limekwisha zaidi ya nusu. Akanieleza polepole: siku zile nne la kushoto lilikuwa limezibwa, kwa hiyo nilikuwa nasikia kwa la kulia peke yake. Ule ukimya haukuwa ugonjwa mpya. Ndiyo hali ya sikio langu la kulia, na limekuwa hivyo kwa muda mrefu. Nikamuuliza dawa yake. Akasema kizibo kimetoka kwa kibano, lakini kilicholiwa na kelele hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kulinda.

Akanipa jozi mpya. Akanionyesha namna: ukisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu, ingiza, shikilia mpaka kivimbe. Akasema vizibo vinapunguza mlio tu, haviuzimi, na kohozi la msumeno ningelisikia vilevile. Nimekata kwa wembe kitu ambacho hakikuwa kinanizuia!

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Nilitegemea ashike kichwa. Akaendelea kukunja nguo. Akaniambia wanajua, mwaka wa pili huu, ndiyo maana wote hukaa kushoto kwangu. Kitinda mimba ndiye aliyegundua kwanza, akawapanga kaka zake. Nikasema kumbe nilidhani ni mapenzi. Akanitazama kidogo, akasema hayo siyo mapenzi ni nini, Baba Watoto?

Usingizi umechelewa kuja.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari siku mbili. Nimekoma! Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitacheza tena na masikio.

Na nimepata mpango.

La kulia ni gonjwa, nalo lazima lilindwe. Nimeliwekea kizibo kizima, nimekisokota na kukishikilia mpaka kikavimba, kama alivyosema Nesi. La kushoto ni zima. Zima halipewi dawa. Hilo nimeliwekea nusu, kwa ajili ya macho ya Msimamizi, na safari hii nimeifunga uzi ili isizame. Tena nimebadili mkao pale ninapopanga mbao, sasa la kushoto ndilo linaloelekea msumeno, mwenzake apumzike.

Saa tano nilinyanyua mkono kabla ya Pamba! Kiganja chake hata hakijagusa meza. Kiwanda kizima kiligeuka. Mkono utarudi kwangu wiki hii, tusubiri.

Mke wangu alipouona ule uzi, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwonyesha kwamba la kufa ndilo hasa lenye dawa. Akatoka nje. Binti yangu akabaki, akauchunguza uzi, akaniuliza na hili la kushoto likiugua je?

Nikambusu kipajini, mtoto ana akili huyu. Nikamwambia likiugua tu, siku hiyohiyo tutaliwekea kizibo kizima.