Nimemsamehe Mama wa Maua

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nikaisema sentensi yangu mara ya tatu. Mama wa maua akaweka kalamu chini.

Huyu mama ni mzungu, bosi wa shamba la maua hapa Usa River. Anatafuta nyapara. Mimi nautaka huo unyapara. Nilivaa tai ya mtumba, na kichwani nilikuwa na sentensi moja ya Kiingereza. Kanifundisha Sifaeli wa jirani, yeye alifika kidato cha pili. Mimi niliishia darasa la nne. Nimemlipa mkungu wa ndizi.

Sentensi inasema nimechanganyikiwa, sijui nishike wapi. Aimu eti e losi. Sifaeli anasema wazungu hawachanganyikiwi ovyo kama sisi, wanapima. Kuna neno unaweka katikati, linaonyesha umechanganyikiwa kiasi gani. Bosi akiuliza, wewe unampa sentensi na kipimo chake. Atakuhurumia, atakueleza, mwisho atajijibu mwenyewe. Kazi unayo.

Akauliza. Nikasema komplitli. Akauliza tena taratibu. Nikasema totali. Akamwita Nasri, karani, kijana wa Kijenge mjini, aje atafsiri. Nasri akaniuliza kwa Kiswahili jina langu nani. Nilishakolea. Nikasema veri.

Nasri alicheka mpaka akashika meza. Nimeambiwa asante, niende.

Jumanne, 6 Juni

Kosa limejulikana. Sifaeli kasema veri halikai pale. Komplitli linakaa, totali linakaa, veri hapana. Nikauliza kwa nini. Kasema ndivyo lilivyo, mbona mimi mbishi. Nimebisha wapi? Nimeuliza tu! Kanipa lingine, ebiti, hilo ni la kuchanganyikiwa kidogo. Mkungu wa pili umeondoka. Mama yangu kauona ukiondoka.

Mama kasema basi, kachoka. Jumamosi mjomba Manase anakuja na lori. Kama sina kazi, naondoka naye kwenda Ngarenanyuki, nikalinde nyanya zake zisiliwe na nyani. Nikamwambia nyani wa kule wakali. Kasema hawaulizi Kiingereza, nitawaweza.

Sitaki nyani. Nataka kazi ya maua.

Jumatano, 7 Juni

Jambo kubwa!

Toka asubuhi nilisimama nje ya uzio wa shamba. Kulikuwa na watu kama kumi na tano, wote shida yao kazi. Mimi nilikaa mwisho kabisa. Sipendi kusukumana, napenda kuangalia. Saa nne mama wa maua akatoka getini. Nikaona aibu, nikaangalia viatu. Kuinua macho, huyu hapa mbele yangu. Kanyoosha mkono. Kanipa jani la isale. Bichi!

Kwetu Meru mtu akikukosea anakuja na isale. Ukishapokea yamekwisha, huwezi kukataa hata kama alikuvunja mguu. Sasa mzungu mzima, na shamba lake, na gari lake, kaja kwa miguu kuniomba radhi mimi Bariki! Kumbe ya Jumatatu yalimchoma.

Aliongea sana. Sikuelewa hata moja, lakini mtu akiomba radhi unamwona usoni. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, mama, yamekwisha, kesho nakuja kazini.

Alhamisi, 8 Juni

Nimeingia kazini. Getini yupo Lerionka, mlinzi, Mmasai mmoja mpole. Akauliza naenda wapi. Nikamwonyesha jani, nikamwambia nimeombwa radhi na bosi. Akafikiri. Kasema kwao inakuwa nyasi, lakini radhi ni radhi. Akafungua.

Nikaingia kwenye nyumba za nailoni. Nikawaambia akina mama wanaokata waridi kwamba nyapara nimefika. Wakaniitikia vizuri tu. Nikamwambia Nasri aniletee kiti. Nasri akauliza we' bwana mdogo nani kakuajiri. Nikampa jani. Watu wa mjini hawajui kitu! Akaligeuza nyuma, akatafuta mhuri. Akaondoka nalo kwenda kuuliza.

Nikakaa juu ya ndoo kumsubiri. Yaliyofuata leo siwezi kuyaandika.

Ijumaa, 9 Juni

Naandika ya jana. Nasri alirudi na mama wa maua. Nikasimama, nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, nimeshamsamehe, tena kwa moyo wote. Nasri akatafsiri. Mama akauliza kanikosea nini.

Ndipo Nasri akanieleza mbele ya watu. Jani lile ni sampuli. Shamba linanunua majani hayo, masale, yanafungwa pamoja na maua yaende Ulaya. Jumatano mama aligawa jani kwa kila mtu pale kwenye uzio, mwenye nayo nyumbani alete. Wenzangu walileta siku ile ile. Mimi nimeleta msamaha.

Akina mama wa waridi wote wakaacha kukata, wananitazama. Mmoja akasema maskini, mtoto wa watu. Hapo nilichanganyikiwa kweli. Tangu nizaliwe sijachanganyikiwa vile! Nikatafuta lile neno kubwa. Komplitli limekimbia. Totali silioni. Mdomo ukatoa ebiti.

Mama wa maua alicheka mpaka machozi. Akasema kupitia Nasri kwamba nikileta mzigo mzuri wa masale kabla ya Ijumaa jioni, nitaajiriwa kukata majani. Si unyapara, lakini kazi!

Basi leo nimekata. Masale yetu ni mazuri, yako mpakani, kati yetu na Mzee Elinaza, baba yake Sifaeli. Yamepangwa mstari, waliyapanda mababu. Nimeyamaliza yote. Mengine nimeng'oa na mizizi, mzigo uonekane mkubwa. Mama wa maua kafurahi. Naanza Jumatatu!

Mama yangu kanikaangia mayai mawili. Kasema kumbe nina akili.

Jumamosi, 10 Juni

Mzee Elinaza kaamka, mpaka haupo.

Sasa hivi kasimama kwenye migomba yetu, hatua kumi na mbili ndani. Anasema anavyokumbuka ulikuwa hapo. Mama anasema anavyokumbuka yeye ulikuwa kwenye banda la mbuzi wa Mzee. Nimetoa shikamoo mara nne. Mzee haitikii. Kasema mtu akifuta mpaka haji na mdomo, anakuja na isale. Wazee wa ukoo wanakaa saa nne.

Isale la wapi? Yetu nimeyauza. Nimezunguka kwa majirani, na wao wameuza, kijiji kizima hakuna jani. Mama kasema saa nne ikifika sina isale, napanda lori, Jumatatu yangu na maua yangu nisahau. Mjomba Manase kafika. Yuko jikoni, anakunywa chai, anauliza kama nina koti, kule baridi.

Nimepata njia. Masale yetu bado yako kule shamba la maua, kwenye maboksi. Nitamwomba mama wa maua anirudishie moja tu. Jumamosi Nasri haingii, kwa hiyo nitaongea mwenyewe. Na kwa kuwa juzi alicheka vizuri, hapo hapo namwomba na unyapara. Sifaeli kanipa neno jipya, absolutli. Kasema linakaa kuliko yote. Mkungu wake nimeshamkatia, kwenye ule upande ambao baba yake anasema ni wao.

Lazima niondoke sasa, kwa nyuma ya migomba, mjomba asinione. Gari la maboksi linakwenda uwanja wa ndege saa tatu.